Subaru STI yangu niliiuza mwenyewe, bila cha juu

Ukitangaza gari la mkononi Dar es Salaam, maswali mawili yatakufikia hata kabla ya salamu: "Namba gani?" na "Mwisho ngapi?" Namba ni herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao: A, B, C, D, na sasa E. Inaonyesha tu gari limesajiliwa lini hapa nchini. Haisemi lilitengenezwa mwaka gani, limekuwa likiwekewa oili gani, wala fundi gani aliwahi kufungua injini yake. Hata hivyo bei za mjini zinapangwa kwa herufi hiyo na kwa mng'ao wa rangi, kiasi kwamba aliyelitunza gari lake miaka yote anatajiwa bei ileile ya aliyelitesa. Hilo linaniuma. Ndiyo maana ulipofika wakati wa kuuza Subaru yangu niliamua kuiuza mwenyewe, na kuhakikisha matunzo yake yanalipwa.

Ni Impreza WRX STI ya mwaka 2004, bluu, rimu za dhahabu, namba C. Injini ni EJ20 yenye tabo (turbo, feni inayoisukumia injini hewa), cc 1,994, nguvu ya farasi 280 kwa vipimo vya Kijapani, gia sita za mkono, na magurudumu yote manne yanavuta. Huku kwetu bluu ile na dhahabu ile hazihitaji maelezo. Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally, mbio za magari za Kenya, mwaka 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns akashinda tena na Impreza mwaka 2000, na waliokuwa watoto enzi hizo, Kenya na Tanzania, ndio leo wanaopiga simu kuulizia bei. Sababu ya kuuza ni ya kawaida kabisa: familia imeongezeka, na viti viwili vya watoto vikishafungwa nyuma, pamoja na mizigo yao, hakuna safari ya Moshi inayowezekana.

Nianze na matunzo, kwa sababu bila hayo sina cha kuandika.

Wengi wanadhani kulitunza gari la namna hii ni kuliosha na kulipiga polishi. Injini ya Subaru imelala: silinda mbili upande huu, mbili upande ule. Plagi zimekaa ubavuni, zikitazamana na kuta za chumba cha injini, na nafasi ya mkono ni finyu mno. Ili kuzifikia fundi lazima aanze kwa kutoa betri upande mmoja na boksi la filta ya hewa upande wa pili. Fundi maiko, yule wa kubahatisha, akiiona kazi hiyo atakwambia plagi bado nzima. Tabo nayo inazunguka kwa kasi ya ajabu ikitegemea oili tu, na beringi za konrodi za injini hizi hazivumilii oili iliyopungua au iliyochakaa. Mimi nilibadilisha oili na filta kila kilomita 5,000, na nilikuwa na mazoea ya kuchomoa kijiti na kuangalia kipimo asubuhi kabla ya kuwasha. Mkanda wa taimingi ulipofikia kilomita 100,000 niliubadilisha pamoja na pampu ya maji, tenshena na roli zake zote. Kubadilisha mkanda peke yake ni kuokoa pesa kidogo na kuhatarisha injini nzima, maana roli kuukuu ikikwama mkanda mpya utakatika vilevile, na ukikatika kwenye EJ20 valvu na pistoni zinagongana. Hapo unatafuta injini nyingine.

Kitu kingine ambacho nilikisimamia kwa nguvu zote: gari halijachezewa. Kule Japani STI ilitengenezwa itumie petroli ya daraja la juu, ambayo vituoni kwao hufikia oktani 100. Ya kwetu haifiki hapo. Mtu akiongeza presha ya tabo kwa petroli hii, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake na pistoni zinapasuka penye mifereji ya ringi. Magari mengi mazuri yamekufa hivyo mikononi mwa watu walioyapenda. Halafu kuna ile valvu ya kutolea pumzi ya tabo. Vijana hupenda kuibadilisha ili gari lipige chafya kila unapobadili gia. Sauti ni tamu, sikatai. Ila kwenye Subaru hewa ile imeshapimwa na sensa kabla haijafika kwenye tabo. Ukiitupa nje, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kwa ajili ya hewa ambayo haipo tena. Yangu ina valvu yake, eksozi yake na kompyuta yake, vyote vya kiwandani. Nilipokuwa naendesha sikufikiria sana kwamba siku moja hilo litakuwa na thamani sokoni. Lina thamani kubwa.

Sasa tatizo la matunzo ni kwamba hayaonekani. Oili iliyobadilishwa kwa wakati haina rangi ya kumwonyesha mtu. Kwa hiyo muuzaji lazima awe na karatasi, na mimi nilikuwa nazo kwenye faili moja nene. Ya kwanza ilikuwa karatasi ya mnada wa Japani, ile ambayo waagizaji wengi hawaiombi, na wakiipata hawaisomi. Yangu ilisema daraja 4, na kwenye mchoro wa bodi kulikuwa na herufi chache. A ni mkwaruzo, U ni sehemu iliyobonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari lililowahi kuumia na kutengenezwa huandikiwa R badala ya daraja la namba. Ukiwa na karatasi hiyo, mkononi una shahidi asiye na maslahi yoyote na bei yako. Iliyofuata ni cheti cha kulisafirishia gari kutoka Japani, chenye kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Hicho ndicho kinachomfunga mdomo anayedhani mita imeshushwa. Kisha risiti. Spea nyingi nilinunua Gerezani, Kariakoo, ambako ukiomba filta unaulizwa, "Orijino au ya kawaida?", na nilikuwa nabandika kwenye faili ile lebo ya boksi yenye namba ya spea, kando yake nikiandika tarehe na kilomita kwa kalamu.

Dalali wa kwanza aliyekuja hakutaka kuliona faili hilo. Alizunguka gari, akapiga piga bodi kwa vidole kusikiliza puti, akauliza kama AC inapoza, akataja milioni 15. Nikubali, nimwachie ufunguo, na chochote atakachopata juu ya hapo ni chake, ndicho hicho cha juu. Hakufungua boneti. Sina ugomvi na madalali kama watu. Wengi wanajituma juani kutwa nzima kulisha familia zao. Lakini dalali anaishi kwa tofauti kati ya anachokijua muuzaji na anachokijua mnunuzi, na gari lililotunzwa linataka kinyume chake: hao wawili wakutane, wajue mambo yaleyale.

Bei yangu niliipata kwa kujiuliza swali moja: mtu akitaka gari kama hili leo, atalipata wapi na kwa shilingi ngapi? Akiagiza Japani anakutana na soko lililopanda. Wamarekani wanaruhusiwa kuingiza gari ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya nchi yao likishatimiza miaka 25, na kizazi cha kwanza cha STI kimeshavuka umri huo, cha pili kinaanza kuvuka, kwa hiyo kwenye minada ile mnunuzi wa Dar anashindana na mnunuzi wa California. Subaru wenyewe waliifunga EJ20 kwa toleo la mwisho la magari 555 tu, kisha mwaka 2022 wakatangaza kwamba hakutakuwa na STI nyingine ya petroli kwenye kizazi kipya cha WRX. Likishafika bandarini, gari kuukuu namna hiyo linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa, na juu yake ushuru wa uchakavu kwa sababu limezidi miaka 10. Ukijumlisha vyote, na bado hujui injini hiyo ilipitia nini, STI iliyoko hapa hapa yenye historia inayosomeka si gari kuukuu la namba C. Nikaweka milioni 23 na kuandika kwamba maongezi yapo, ila yawe ya mtu aliyeliona gari.

Tangazo nililiandika refu. Mitandaoni tumezoea "gari kali, haina tatizo, ni kuwasha na kuondoka", na sentensi hiyo haijawahi kumsaidia mnunuzi hata mmoja. Niliandika kilomita, mwaka wa mkanda wa taimingi, aina ya oili, kisha nikaandika kasoro: ngozi ya usukani imelika upande wa kulia, boneti ina vidonda vya kokoto za malori ya njia ya Chalinze, gia ya pili ni ngumu kidogo injini ikiwa ya baridi, na gasketi ya kava la valvu upande wa abiria imeanza kutoa jasho la oili. Picha nilipiga kwenye kivuli asubuhi, gari likiwa kavu, kwa sababu gari lililolowa maji huficha mikwaruzo na kila mnunuzi mzoefu anajua hivyo. Niliinama nikapiga picha hata chini, mashavu ya magurudumu ya nyuma kwa ndani, mahali ambapo Impreza huanza kuliwa na kutu. Ukipakana na bahari kama sisi, au gari likiwa limetoka mikoa ya theluji ya Japani wanakomwaga chumvi barabarani, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Namba ya chesesi sikuianika yote. Nilimpa aliyeniomba kwa sababu ya msingi.

Simu zikaanza. Wengine waliniuliza, "Dada, mwenye gari yupo?" nikawajibu kwamba wanaongea naye. Mmoja alitaka anipe Crown yake na kuongeza milioni tatu. Wapo waliotaka tu kupiga misele, na hao unawajua: hawaulizi chochote kuhusu gari zaidi ya wapi watalikuta. Kwangu mimi muhimu ilikuwa kumsubiri anayeuliza swali sahihi. Na kwa STI swali sahihi lipo, kwa sababu mji umejaa STI za beji. Mtu ananunua Impreza ya kawaida, anabandika herufi za STI za rangi ya waridi, anafunga bawa la nyuma, na bei inapanda. Chesesi haidanganyi: STI ya kizazi kile huanza na GDB, WRX ya kawaida ni GDA. Bila hata kufungua boneti, shika mkono wa gia. STI ya gia sita ina pete chini ya kichwa chake ambayo lazima uivute juu ndipo uingize rivasi. Ukikuta gia tano na hakuna pete, hata kama bawa linagusa mawingu, hiyo si STI ya kizazi hicho.

Aliyenunua alianza hivi kwenye meseji yake: "Habari za asubuhi dada. Chesesi inaanza na GDB herufi gani? Na naweza kuja kabla hujaiwasha?" Nilifurahi mno. Injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli wote. Muuzaji anayekukaribisha gari likiwa tayari linanguruma amekunyima dakika mbili za maana kuliko saa nzima ya kuendesha, kwa sababu pistoni zilizolegea hugonga injini ikiwa ya baridi na kunyamaza ikishapata moto, na moshi wa bluu wa tabo inayovujisha oili huonekana zaidi gari likiwa limelala usiku kucha.

Walifika saa moja asubuhi kutoka Morogoro, yeye na fundi wake, mzee wa makamo aliyeamkia majirani wote kabla ya kugusa gari. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti, kisha akakipeleka chini karibu na manifoldi, kuhakikisha ni baridi kweli. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukinusa. Akafungua kifuniko cha rejeta na kutazama kama kuna mafuta yanayoelea. Ndipo akasema, "Washa, mwanangu." Tukasimama wote kimya tukiisikiliza. Baada ya hapo alitoa plagi moja baada ya nyingine, na kama nilivyosema kazi ile si ndogo, akapima kompresheni silinda zote nne. Namba zilikaribiana, akaziandika kwenye karatasi na kunipa nakala niiweke kwenye faili. Kisha akaenda kwenye buti, akainua kapeti, akatafuta tangi la maji ya kunyunyizia intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo. Wengi hawajui hata kama lipo. Lilikuwa limejaa. Akamwambia mwenzake aminye kitufe kwenye dashibodi, na maji yakaruka juu ya intakula kama yalivyokusudiwa. Mzee akacheka kwa furaha, na mimi nilihisi kwamba mtu ameiona kazi yangu ya miaka yote.

Kuhusu kuendesha, nilikuwa na masharti na niliyasema kwa simu kabla hawajaja, ili asiwepo wa kujisikia kutukanwa. Leseni na kitambulisho cha NIDA nipige picha. Mimi naanza kuendesha, injini ikishapata moto ndipo yeye. Hakuna anayeondoka na gari peke yake, hata aache gari lake kwangu. Na njia naichagua mimi: kwenye mashimo kidogo usikilize bushi na shokapu, kwenye mlima uone klachi kama inateleza, kwenye lami iliyonyooka uachie usukani kidogo uone kama gari linavuta upande. Mwendo wa kuonyesha nguvu haukuwemo. Tabo inaonekana inavyofanya kazi gia ya tatu ndani ya mwendo halali, na tochi za trafiki haziulizi kama gari liko kwenye majaribio.

Maongezi ya bei yalikuwa mafupi kuliko nilivyotegemea. Aliitaja gasketi ya kava, nikamwambia ndiyo, imo kwenye tangazo, na gharama yake ni hii, hapa kuna bei niliyoulizia Gerezani. Akataja tairi, nikakubali kwamba mbili za mbele zimebakiza muda mfupi, na kwa gari linalovuta magurudumu yote manne huwezi kubadilisha mbili tu ukaacha nyingine zimelika, maana tofauti ya mzunguko inaichosha difu ya katikati. Kwa hiyo tairi nne. Hilo lilikuwa na haki, nikashuka. Tukakutana milioni 21 na nusu. Hakuniambia "dada nifikirie", wala sikumwambia kuna mtu mwingine anakuja jioni. Kila shilingi iliyoshuka ilikuwa na jina la spea.

Malipo nayo yana hatari zake, na hapa ningependa kila anayeuza mwenyewe anisikilize. Meseji ya muamala si pesa. Picha ya risiti ya benki si pesa. Pesa ni salio linalosomeka kwenye akaunti yako, ukilitazama mwenyewe. Tulikutana tawini, akatuma kwa TISS, mfumo wa kuhamisha pesa kati ya benki, tukakaa kwenye viti tukisubiri mpaka ikaingia. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshapita kwa wakili, mkataba wa mauziano ukasainiwa na mashahidi wa pande zote mbili, ukiwa na namba ya chesesi, namba ya injini, TIN zetu, na saa ya makabidhiano. Saa niliisisitiza mimi. Kosa la barabarani likitokea jioni ya siku ile, nitaweza kuonyesha gari lilikuwa kwa nani. Mbele yake niliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa madeni ya trafiki aone mwenyewe kwamba halidaiwi.

Kisha TRA, kuhamisha umiliki. Hapa ndipo watu wengi huishia njiani. Mnunuzi anasema atahamisha baadaye, ili akwepe ushuru wa stempu na kodi ya uhamisho kwa muda, na muuzaji akishashika pesa anampa kadi na kuachana naye. Namba ya gari kwetu haibadiliki likiuzwa, inabaki na gari, na kwenye mfumo jina linabaki lako. Faini za kamera zitakuja kwako. Ajali ikitokea, polisi wataanza na wewe. Gari la kasi likiwa barabarani kwa jina lako mikononi mwa mtu mwingine ni jambo ambalo sikuwa tayari kulala nalo, na mnunuzi wangu hakubishana. Tulianza maombi tukiwa wote wawili, na sikuyaacha mpaka kadi mpya ilipotoka na jina lake.

Siku ya makabidhiano nilimpa funguo zote mbili, kadi, faili, kopo la oili lililokuwa halijafunguliwa, na plagi za akiba. Nilimwomba asiizime injini mara tu baada ya kupanda mlima mkali kama Kitonga au mwendo mrefu. Aiache ingurume kidogo tabo ipoe. Gari lilikuwa na kilomita 147,000. Kwenye ukurasa wa mwisho wa faili niliandika mambo matatu anayopaswa kuyafanya kwa mpangilio: gasketi ya kava sasa hivi, oili kwenye 150,000, na mkanda wa taimingi pamoja na roli zake zote usipite 200,000. Mzee wa Morogoro aliuchukua ukurasa huo, akausoma, akachukua kalamu na kuongeza la nne: oili ya difu ya nyuma.